Nilivyomtoa Askofu Majini

Jumamosi, 2 Agosti

Mungu ni mwema, na mke wangu kanasa! Niandike polepole, furaha inaikimbiza kalamu.

Kakitaka tena chumba changu cha nyuma. Ni kile cha mlango wa uani: fimbo zangu za kuvulia ukutani, makopo ya minyoo dirishani, na kile kiti cha mguu mbovu ambacho ni mimi tu ninayejua kukikalia. Yeye ni mwoka mikate. Analalamika kuwa jiko lake ni dogo kama kiberiti, wateja wanaondoka mikono mitupu, na kwamba Mungu akimjalia jiko kubwa hana pa kuliweka. Nikamwambia Mungu akitaka kumjalia ataniuliza mimi kwanza.

Ndipo akaniwekea sharti. Jumamosi ijayo ni mashindano ya ndoana mtoni. Nikimtoa samaki mzito kuliko wa wenzangu wote, chumba ni changu hadi kaburini, na chochote nitakachorudi nacho siku hiyo kitakaa humo humo, yeye hatathubutu kukitoa. Nikishindwa, nifungashe minyoo yangu.

Tukapeana mikono. Wake ulikuwa na unga mbichi, wangu una gundi, maana mimi ni fundi viatu. Ilibidi tuachanishwe kwa maji ya moto.

Maskini hajui kwamba mwaka huu nina mpango.

Zawadi ya mshindi iko kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ndiye mwenyekiti wetu. Kaifunika turubai, hataki mtu achungulie. Ni kubwa. Nahisi ni injini ya mashua. Mashua sina, lakini Mungu haanzi jambo asilimalize.

Jumapili, 3 Agosti

Mpango wenyewe ni huu. Samaki wa mto wetu ni kapi: mnene, magamba kama vifungo vya koti, masharubu manne, mdomo wa kufyonza tope. Mwoga kuliko mdaiwa. Kapi mkubwa hapatikani kwa kubahatisha. Unamlisha mahali pamoja siku baada ya siku mpaka apaone ni mezani kwake, halafu siku ya siku unaweka ndoana kwenye sahani.

Na yuko mmoja pale kwenye kona ya mti ulioanguka ambaye wavuvi wote wanamfahamu. Tumbo lake, utulivu wake, jinsi anavyofumba mdomo kama anayemaliza sala. Tunamwita Askofu. Nimeshatubu kwa ajili ya jina hilo.

Chakula? Jikoni kulikuwa na beseni la unga uliokandwa. Kabla ya ibada nikanyofoa donge, nikalitia mfuko wa koti, nia yangu nipitie mtoni baada ya kanisa. Nilisahau mambo mawili. Kwanza, ule unga una hamira. Pili, mchungaji katoka likizo na maneno mengi.

Kanisani joto. Wimbo wa pili, mfuko ukawa mzito. Sala ndefu, ukawa wa moto. Mchungaji akasimama kuhubiri juu ya dhambi ndogo unayoificha, jinsi inavyokua mpaka inakuumbua mbele za watu. Nikatazama chini. Donge limechungulia mfukoni, jeupe, linanitazama.

Mke wangu hakugeuza hata shingo. Akanong'ona tu, "Baba watoto, koti lako linapumua."

Nikamwambia ni kitambi. Akasema haya. Namshukuru Mungu kwa kunipa mwanamke mwepesi wa kuamini.

Jumatatu, 4 Agosti

Alfajiri nimefika kwenye kona. Nikatupa vidonge vya unga. Vikazama vizuri. Nikasema amina. Mara vikaibuka tena, vimefura, vinaelea kama vipara vya wazee wanaooga! Hamira hiyo hiyo!

Nikataka kulia. Kapi hula chini kwenye tope, kila mtu anajua. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mwalimu wa kwaya na bingwa wa mwaka jana, hufundisha hivyo hata mazishini. Lakini nikiwa bado nalalamika, maji yakatulia, mgongo mpana kama mto wa kochi ukapanda juu. Mdomo ukafunguka. Kidonge kimoja, chwap! Kingine, chwap!

Askofu anakula ghorofani.

Sijui nifurahi au nisikitike. Nimemsamehe kwa sasa. Jumamosi atakula ninapotaka mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Ubunifu mkubwa leo. Kapi husikia hatua za mtu kupitia ardhini. Kwa hiyo silaha ya mvuvi ni kiatu, na fundi viatu ni nani hapa mjini? Nimekata zulia lililo chini ya kitanda, upande wangu tu, nikalibandika kwenye soli na kulishona kwa uzi wa nta. Kimya! Nikajaribu nyumbani. Nikamfikia mke wangu jikoni bila yeye kusikia lolote, nikamgusa bega. Ule mti wa kusukumia unga nao haukutoa sauti mpaka uliponifika kichwani.

Jioni nikaenda navyo mtoni. Zulia likinywa maji huwa sabuni. Nilishuka ukingo wote bila kupiga hatua hata moja, nikasimama nikiwa na maji ya kifua.

Na nani alikuwa darajani? Shemeji, na sauti nzito zote za kwaya nyuma yake. Akaniuliza kwa upole kama nabatizwa upya, maana ule ubatizo wa kwanza yeye binafsi alikuwa na mashaka nao. Sauti nzito zikacheka kwa pamoja, kwa mpangilio, kama walivyofundishwa.

Nikamjibu napima kina. Akasema, "Pima shemeji, pima. Ukifika chini wasalimie samaki, waambie Jumamosi nakuja kuwachukua."

Kiburi hutangulia. Sisemi zaidi.

Alhamisi, 7 Agosti

Jambo la ajabu. Kila alfajiri nikiingia jikoni kuiba unga, naukuta mwingi kuliko jana. Leo donge langu lilikuwa limetengwa pembeni kabisa, karibu na mlango, ndani ya mfuko wa kubebea. Mke wangu anazeeka. Vipimo vinamponyoka, anakanda mpaka wa ziada. Inanihuzunisha, lakini siwezi kumweleza bila kujitaja.

La pili linachekesha. Nilirudi ghafla kuchukua sindano nikamkuta anapima mlango wa chumba changu kwa futi. Anaandika kiganjani. Tamaa gani hiyo! Mashindano hayajafika, yeye kashanizika na mapazia anapima. Nikamwuliza kwa kejeli kama mlango unamtosha. Akasema, "Unatosha, lakini kwa kubanana." Akaenda zake kwenye duka la vifaa vya ujenzi kupeleka mikate. Siku hizi mwenyekiti wetu anakula mikate huyo!

Ijumaa, 8 Agosti

Giza.

Leo tumepiga kura ya mahali pa kukaa, kwenye kofia ya mwenyekiti. Niliomba kabla ya kuingiza mkono. Sikuomba kona, ningekuwa na ubinafsi. Niliomba haki itendeke, nikimaanisha kona.

Kona kapata shemeji.

Mimi nimepata pa mwisho kabisa, chini, kule ng'ombe wanakonywea maji. Wiki nzima nimemnenepeshea mtu samaki! Na siwezi kulalamika, kwa sababu kulisha kabla ya mashindano ni marufuku. (Niliisoma hiyo kanuni. Niliielewa kuwa inawahusu wasio na nia njema.)

Shemeji akanishika bega, akaniambia nisijali, ng'ombe nao ni viumbe wa Mungu, huenda nikamvua mmoja.

Sikula. Nimekaa chumbani kwangu kwenye kiti changu, pengine kwa mara ya mwisho. Nimeongea na Mungu kwa heshima, ila sikumficha. Mke wangu akaingia, akanitazama, akaniuliza nimepangiwa wapi. Nikamweleza. Akajifuta unga mikononi. Halafu akauliza maji yanatoka wapi kwenda wapi. Wanawake na maswali! Nikamwambia yanatoka kwenye kona yanakuja kwangu, maji hayapandi mlima, mama.

Akasema, "Basi lala." Akarudi jikoni.

Jumamosi, 9 Agosti

NIMESHINDA! Utukufu kwa Mungu! Nimeshinda, nimeshinda!

Nianze mwanzo. Mke wangu alinifungia mkate mzima, ule wa kuuza, ganda gumu, wa moto bado. Si kawaida yake. Nikadhani ni chakula cha kuagana na chumba.

Asubuhi yote sikupata kitu. Tope, mbung'o, na ng'ombe mmoja aliyelamba kofia yangu. Kule juu namwona shemeji kwenye kona YANGU, minyoo chini kwenye tope kama vitabu vinavyosema. Lakini mwalimu wa kwaya ni mwalimu wa kwaya. Hawezi kusimama bila kuimba puani, na hawezi kuimba puani bila kupiga mguu. Du, du, du, kwenye ukingo, na kisigino cha chuma nilichompigilia mimi mwenyewe! Kila samaki mwenye masikio alifungasha.

Saa sita nikakata tamaa, nikafungua mkate. Kwa hasira nikatupa ganda majini. Likaelea. Nikatupa lingine. Likaelea.

Chwap.

Nikaganda. Ile sauti naijua! Mgongo kama mto wa kochi. Askofu, kashuka na mto akikimbia kelele, yuko mezani, anaulizia chakula chake cha ghorofani! Kwa haraka nikajichoma ndoana kidoleni. Nikatoa risasi zote za kuzamishia kwenye uzi, nikachomeka ganda, nikaliacha lielee. Nikaomba sala ambayo haikuwa na maneno.

Akaja. Akafungua mdomo. Akafumba, taratibu, kama anayemaliza sala.

Nikavuta!

Mama yangu! Alinipeleka kulia, akanipeleka kushoto, akanipeleka magotini, akaniingiza mtoni na viatu vya zulia. Wavu wa kuopolea nimeusahau nyumbani. Nikapiga kelele, "Shemeji! Shemeji mpenzi! Kaka!" Kaka sijawahi kumwita tangu nioe. Akaja mbio na wavu wake, na kabla hajatambua anachokifanya, bingwa wa mwaka jana kamwopoa samaki aliyemvua ubingwa. Tulikaa kwenye tope sote wawili, Askofu katikati yetu, anatutazama kwa masikitiko.

Wakamtundika kwenye mizani ya kupimia misumari ya dukani kwa mwenyekiti. Mshale ukagonga mwisho ukabaki huko. Samaki wa shemeji alikuwa mdogo kama kiatu cha mtoto, tena cha upande mmoja. Akanipa mkono. Akasema, kwa shida, kwamba hajawahi kuona kapi akivuliwa juu ya maji, na kwamba ama mimi ni mtaalamu ama ni mwenda wazimu mwenye bahati. Nikamwambia ni miaka ya kusoma maji.

Askofu tukamrudisha mtoni, ndivyo ilivyo kanuni. Nilimwombea heri.

Kisha mwenyekiti akavuta turubai.

Jiko. Jiko la kuokea la gesi, milango miwili, trei nane, linang'aa kama gari la harusi.

Watu wakapiga makofi. Mke wangu alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amevaa aproni. Nadhani alitoka nyumbani kwa haraka.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetoa shukrani kanisani, mbele za watu. Shemeji aliongoza wimbo. Alipiga mguu kidogo tu.

Suala likawa jiko tuliweke wapi. Jikoni haliingii. Mke wangu akanikumbusha kwa unyenyekevu kwamba neno ni neno: chumba ni changu, na nilichorudi nacho kikae humo, yeye hana ruhusa ya kukitoa. Nikakubali papo hapo. Nimemshinda kwa mdomo wake mwenyewe!

Vijana wanne walilibeba. Likapita mlangoni kwa upana wa kidole. Ajabu ya Mungu! Kama mlango ungepungua kidogo tu, tungeaibika. Fimbo zangu zimehamia uani, kwenye hewa safi. Kiti nimekiweka juu ya banda la kuku, bado nakijua mimi tu.

Jumatano, 20 Agosti

Maisha ya mshindi. Kila alfajiri mke wangu anabisha mlango wa chumba changu na beseni kichwani. "Hodi, mwenye chumba. Naomba kuoka." Namkaribisha. Sina kinyongo. Anaoka mpaka mchana, wateja wamepanga mstari hadi barabarani, na jioni ananiaga, "Asante, mwenye chumba." Hapo ndipo naingia na kukaa sakafuni, maana kuna uvuguvugu mzuri. Nimegundua droo ya chini ya jiko. Haitumiki. Minyoo yangu inastawi humo.

Shemeji anatembea na mikate mfukoni sasa, anaitupa mtoni kila akikutana na maji. Namwonea huruma. Mtu hashindi kwa kuiga.

Na leo kuna habari. Mwenyekiti kanidokeza kuwa zawadi ya mwakani tayari iko chini ya turubai. Nyembamba, ndefu, na alipoigusa nilisikia vioo, kama vya kabati la dukani. Sijamwambia mtu. Lakini usiku huu huu, wakati wa chakula, mke wangu akanitupia changamoto mpya kwa hiari yake! Safari hii anakitaka kibanda changu cha viatu, pale mbele ya stendi. Nikishindwa, ni chake. Nikishinda, ni changu daima, na chochote nitakachorudi nacho kitakaa humo.

Nikamshika mkono kabla hajamaliza sentensi.

Mchana nilikuwa nimemkuta pale kibandani, kapiga magoti, anapima ukuta kwa futi. Baada ya yote yaliyompata! Maskini mke wangu. Kuna watu Mungu huwapa kila kitu akawanyima kujifunza.