Mkutano Mkuu Wajadili Tezi ya Armand

Wakazi wote wa mji wa Tibbet, Vermont, walitangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba Mkutano Mkuu wa mwezi Machi, baada ya kumchagua mtunza makaburi na kabla ya chakula cha mchana, utaamua nini kifanyike kuhusu tezi dume ya Armand Thibault.

Tangazo lilibandikwa posta, dukani, na kwenye geti la jaa la taka, ambako kila mtu hufika Jumamosi. Armand alilikuta hapo jaani, mfuko wa chupa tupu mkononi, watu wakilisoma kwa sauti mbele yake.

Msidhani watu wa Tibbet ni wambea. Armand ndiye dereva wa gari la kusukuma theluji, mwajiriwa wa mji, na matibabu ya mwajiriwa hulipwa na mji wenyewe. Kinacholipwa na mji hupigiwa kura na mji. Mwaka wa nyuma walilipigia kura goti la karani, na goti likapita, ingawa kwa taabu.

Tezi yenyewe ilikuwa imefanya kama tezi za wazee wengi zinavyofanya: imenenepa pale ilipo na kuubana mrija wa mkojo. Armand alisimamisha gari kila akivuka kilima, akajibanza nyuma ya gurudumu kubwa, akangoja. Mkojo ukija, ulikuja kwa matone. Akipanda tena na kufunga mkanda, haja ilikuwa imerudi. Daktari alimweleza dawa zote na maudhi yake, wakakubaliana aanze na vidonge vya kulegeza njia. Armand alitoka kwa daktari akipiga mluzi.

Mluzi ulikatwa na Mwenyekiti wa Halmashauri, Bwana Winslow Pruitt, mzee mwenye tai ya sufu aliyeamini kwamba jambo ambalo halijaundiwa kamati bado halijatokea. "Mji hauwezi kuwa na dereva anayesimama simama," alisema. "Ama mkutano umpatie tiba inayofaa, ama arudishe funguo."

Funguo hizo Armand alikuwa nazo tangu ana nywele nyeusi. Kazi nyingine hakuijua na hakuitaka.

Siku ya mkutano theluji ilianza asubuhi. Ukumbi wa shule ulijaa makoti yanayotoa mvuke, na kutoka jikoni ilipenya harufu ya maharage yaliyookwa na nyama ya nguruwe. Bwana Pruitt alikaa jukwaani na chupa yake ya kahawa. Alikuwa na mafua makali, akameza vidonge vya kuzibua pua mbele ya umma, ili umma uone anavyojitolea.

Kwanza aliwakumbusha Kanuni ya Mlango, aliyoitunga mwenyewe baada ya kuona kwamba wanaume wa umri fulani hupotea ukumbini kila kura inapokaribia. Kifungu kikishafunguliwa, hakuna anayetoka mpaka kiamuliwe. Mlangoni alisimama Konstebo Dewey, mkubwa kama kabati.

"Kifungu kimefunguliwa," alisema Bwana Pruitt, akagonga nyundo na kupuliza pua. "Njia ya kwanza ni vidonge vya kulegeza. Maudhi: kizunguzungu ukiinuka ghafla, pua kuziba, na ile mbegu ya kiume kugeuza njia na kurudi kibofuni."

"Irudi kufanya nini?" aliuliza mfugaji mmoja wa ng'ombe.

"Daktari anasema haina madhara. Inatoka baadaye na mkojo."

"Basi ina akili kuliko ndama wangu."

"Njia ya pili, vidonge vya kuipunguza tezi. Vinachukua miezi mingi. Maudhi: matiti kuuma, na hamu ya tendo la ndoa kupungua." Bwana Pruitt alitazama safu ya mbele, alipokaa Lorraine, mke wa Armand, akifuma soksi. "Mkutano ungependa kujua kutoka kwa Mama Thibault kiwango cha hamu kilichopo sasa, ili tukijue kikipungua."

Lorraine hakuinua macho. "Bwana Mwenyekiti, hilo lilishajadiliwa nyumbani. Lilipita bila kupingwa."

Ukumbi ulicheka mpaka vioo vikapata ukungu. Armand alijitazama viatu.

"Njia ya tatu, kupasuliwa. Kifaa kinapita humo humo kwenye mrija na kuikwangua tezi."

Wanaume wote wakakunja miguu kwa pamoja, kama walioamrishwa.

"Maudhi: damu kwa muda, mara chache mkojo kuvuja, na mara nyingi mbegu kutotoka tena. Halmashauri imezipima njia zote hizi kwa kina na inapendekeza ya nne, ambayo madaktari wenyewe huiita kusubiri kwa uangalifu. Haina gharama wala maudhi. Kwa kuwa hatukuona ni nani atakayefanya huo uangalifu, tumeunda Kamati ya Uangalizi. Wajumbe watapanda gari na mgonjwa, watasimama nje ya mlango wa choo chake, watasikiliza, na watatoa taarifa kila mwezi."

"Daktari alisema hiyo ni ya wasiosumbuka sana," alisema Armand akisimama. "Mimi nasumbuka. Na mwili ni wa..."

"Keti, Armand. Kifungu kinakuhusu, kwa hiyo una mgongano wa maslahi."

Armand akaketi. Mjadala ukaendelea bila yeye. Mmoja alitaka kujua kama upasuaji hauwezi kufanywa kwenye kituo cha zimamoto, palipo na meza nzuri. Mwingine alipendekeza tezi ihamishiwe kitengo cha barabara. Kila pendekezo lilipewa nafasi yake, likaungwa mkono, likapigiwa kura, likaanguka.

Lorraine aliacha kufuma. "Mume wangu," alinong'ona, "mtazame Mwenyekiti miguu."

Armand alitazama. Goti la kulia la Bwana Pruitt lilikuwa limebana la kushoto. Kisigino kilipiga sakafu harakaharaka. Jasho lilimtoka chini ya pua, na chupa ya kahawa aliisukuma mbali kama adui.

"Hiyo ngoma naijua," alisema Armand.

"Naye ana tezi."

"Anayo, na ameinywea kahawa. Maskini."

"Maskini kitu gani? Anataka watu wakusikilize chooni."

Nyuma aliinuka Bi. Philena Cobb, mwalimu mstaafu aliyewafundisha wote kusoma, Mwenyekiti akiwemo. "Winslow, natoa hoja Armand aruhusiwe kusema, kwa urefu anaoutaka. Na kaa vizuri kwenye kiti."

Hoja ikapita. Armand, ambaye katika mikutano yote ya maisha yake alikuwa amesema "naunga mkono" na "chakula kiko tayari?", alisimama, akavua kofia.

"Sina maneno mengi," alisema. "Jana nilikuwa kwenye miti yangu ya sukari, ile ninayoitoboa na kuitundikia ndoo. Utomvu umeanza. Mnajua unavyoanza: hauji kwa nguvu. Tone. Unangoja. Tone. Ndoo ikiwa tupu unalia ti, ti, ti. Nikasimama nikasikiliza ndoo zote."

"Fupisha," alisema Bwana Pruitt kwa sauti nyembamba.

"Nilikuwa naelekea huko. Halafu jua likapanda, barafu ya kijito ikapasuka, maji yakaanza kupita chini yake. Yanapita, yanapita, hayazuiliwi na mtu. Nikawaza, kijito hiki kina raha. Hakikuomba kura."

Bwana Pruitt alikuwa amesimama, nyundo mkononi, akielekea mlangoni kwa hatua za mtu aliyebeba yai. Konstebo Dewey hakusogea.

"Nipishe, Dewey."

"Kifungu kiko wazi, Mwenyekiti. Kanuni ni yako."

"Basi nakiondoa. Achague mwenyewe na daktari wake. Vidonge, kisu, chochote. Anayeunga mkono aseme ndiyo."

"Marekebisho," alisema Bi. Philena, akifuta miwani bila haraka. "Kamati ya Uangalizi tayari imeundwa, ni aibu kuipoteza. Natoa hoja imwangalie Mwenyekiti."

"Nakubali, nakubali," alisema Bwana Pruitt, akimwegemea konstebo kama kabati.

Sauti ya ndiyo iliyotoka ukumbini siku ile iliangusha theluji iliyokuwa juu ya paa. Mlango ukafunguliwa. Kamati nzima ikamfuata, ikajipanga nje ya choo na kusikiliza kwa makini, kama ilivyoagizwa.

Haikusikia kitu.

Mwenyekiti alipotoka, uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu. "Hakuna kinachotoka," alisema. "Hata tone."

"Ni vile vidonge vya mafua," alisema Lorraine. "Vinabana njia kwa wenye tezi. Daktari alimkataza Armand asiviguse. Huyu anatakiwa hospitali awekewe mpira wa kutolea mkojo, na ni sasa hivi."

Nje barabara ilikuwa imepotea. Gari moja tu Tibbet nzima lingeweza kufika hospitali, na dereva wake alikuwa mmoja. Armand alimpandisha Mwenyekiti mbele, Kamati ikajibana nyuma ya kiti, wakaondoka, theluji ikipaa pande zote mbili.

Baada ya kilima cha kwanza Armand alipunguza mwendo, akaegesha, akafungua mlango.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Bwana Pruitt, macho yamemtoka.

"Nyuma ya gurudumu. Vidonge vyangu naanza kesho. Leo mkutano ulichelewa kuamua."

"Armand, ndugu yangu, nakuomba. Fanya haraka."

"Haraka tezi haiijui, Mwenyekiti," alisema Armand, akishuka kwa utaratibu. "Wewe subiri tu. Uangalifu unao hapo nyuma."