Cheti cha Kubana Damu

Haya aliniambia Mama Luka, mfagiaji wa hospitali yetu, Jumapili iliyopita tukimenya karanga kwangu.

Mganga Mfawidhi, Bwana Magesa, alibandika tangazo zuri lenye mihuri mitatu: kuanzia siku hiyo majeruhi ataguswa tu na mtumishi mwenye cheti cha mafunzo ya dharura. Mafunzoni walikwenda yeye, mtunza stoo, dereva na karani. Nesi Euphrasia, aliyefunga vidonda vya wachimbaji miaka ishirini, aliachwa. Ilikuwa busara: angekwenda yeye, wagonjwa wangebaki na nani?

Siku moja wenye vyeti wakaitwa Mwanza kurudia mafunzo. Mfawidhi akawafuata kwa pikipiki, akagonga ng'ombe njiani. Bodaboda wakamrudisha hospitali paja limechanika, damu inachuruzika.

Kwenye benchi alikuwapo Masalu, mchimbaji. Jiwe lilimponda mkono duarani, kule shimoni wanakochimba, naye tangu asubuhi anasubiri wenye vyeti warudi.

"Shikamoo, mkubwa," Masalu akasema. "Foleni inaanzia huku."

"Euphrasia, nakufa!"

"Pole, Baba. Sina cheti."

"Nakupa!"

"Si mpaka nifundishwe? Ndivyo ulivyobandika."

"Basi nakufundisha sasa hivi! Mimi ninacho!"

"Asante. Na mwanasesere wa kujifunzia?"

Mwanasesere alifungiwa stoo, ufunguo uko Mwanza.

"Mwanasesere ni mimi!"

Euphrasia akavaa glovu kwa heshima zote. "Haya, mwalimu. Hatua ya kwanza?"

Mfawidhi akafumba macho, akakumbuka. "Kusaini mahudhurio."

"Ya pili?"

"Chai."

"Mimi nilizoea kuanza na kubana damu. Lakini ndiyo hivyo, sijasoma."

"Bana!" Kiswahili kikamwisha, akamwita mama kwa Kisukuma. "Bana, mayu, bana!"

Akabana. Akafunga, akashona, akatundika dripu. Mama Luka alishika mguu, kwa hiyo naye alihudhuria.

"Mwalimu, na huyu Masalu?"

"Naye mwanasesere," Mfawidhi akanong'ona.

"Leo nimepanda cheo," Masalu akasema, akanyoosha mkono.

Karatasi zilikuwa kwa karani, naye amefunga ofisi. Mama Luka akabandua lile tangazo ukutani, na upande wa nyuma wa karatasi hiyo Mfawidhi akaandika kwamba Euphrasia na mfagiaji wamefaulu.

Wagonjwa wote wawili wakalazwa vitanda jirani. Masalu akaanza kukoroma. Mfawidhi, rangi imemrudia kidogo, akainua kidole. "Mmeona faida ya mafunzo? Bila mimi kwenda kule..."

"Baba," Euphrasia akasema, akimfunika shuka. "Mwanasesere haongei."

Mfawidhi akashusha kidole. Akatazama dari, akatazama dripu, akalala mdomo wazi.