Kidole Gumba cha Mguu wa Kulia

Jumatatu, 9 Juni
Nimelazwa. Mwaka wa pili sasa nalala mkekani kando ya kitanda cha mke wangu. Hatujagombana, kibofu changu hakina adabu. Keshokutwa nawekewa kifaa juu ya tako, kiwe kinautekenya mshipa wa kibofu kwa umeme kidogo. Kikikubali, narudi kitandani kwangu. Sitaki kingine.

Daktari wa usingizi, binti mwenye macho makali, akauliza kama nakoroma. Nikakana. Mama watoto akamwambia nakoroma kama mashine ya kusaga, na pumzi hukatika mpaka anishtue. Msaliti! Daktari hakucheka. Nitalala kifudifudi, akasema. Pumzi ikikwama nimezimwa kabisa, kunifikia ni taabu. Basi ganzi ya ngozi tu, palepale pa kuchomwa, na usingizi mwepesi.

Jumanne, 10 Juni
Dawa ya kulegeza misuli nayo daktari hanipi. Waya ukigusa mshipa wenyewe, kidole gumba cha mguu hujikunja, na lazima wakione. Kinyozi wa kitanda cha pili, aliyepasuliwa Ijumaa, anajigamba chake kiliitika mara ya kwanza. Mimi, baharia wa bandari saba, nishindwe na kinyozi? Nimekifanyisha kidole mazoezi chini ya shuka mpaka unyayo umekaza.

Jumatano, 11 Juni
Chumba baridi. Kifudifudi, mito kifuani, nusu usingizini. Mpasuaji akasema sindano imefika. Nikakunja kidole. Safi! Nikakunja tena, kwa madoido.

Daktari wa usingizi akaniinamia sikioni. "Mzee wangu, umeme bado hatujawasha."

Kisha taratibu: nikiwadanganya, waya utakaa pasipo pake, nami nitarudi mkekani.

Mkekani. Nikauachia mguu. Wakawasha, wakauliza nasikia wapi. Pajani, nikasema. Wakasogeza. Mara mtekenyo ukaja pale penyewe, pasipoandikika, na kidole kikajikunja bila ruhusa yangu. Nililia kidogo. Kifudifudi haionekani.

Ijumaa, 13 Juni
Shuka kavu, jana na leo. Mke wangu aliipapasa, akaipapasa tena. "Ule mkeka nimeugawa," akasema, akageukia dirishani.

Kitanda cha tatu kaingia dereva wa lori. Kesho ni zamu yake, keshauliza mara tatu kama inauma. Nimemhurumia. Nimemwambia kukoroma akane katakata, na nimemfundisha kidole, kulia na kushoto. Nimemwonya jambo moja tu, nililokosea mimi: angoje kwanza wawashe.