Sajini na Koplo Watafuta Kinanda

Stanslaus alipomsikia Mzee Aloisi akijisifu stendi ya Mbinga kwamba kwaya yao ya Mbaha, kule ziwani, imenunua kinanda kipya, alijua papo hapo kuwa kinanda hicho kitaibwa. Hakuwa nabii. Mwizi alikuwa yeye.

Tusimwonee lakini. Stanslaus hakuwa na tamaa ya vitu vya watu. Aliviiba ili apate kuvitafuta. Alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, mwenye koti moja la kijivu, maneno laini na paka wawili, Sajini na Koplo, aliowabeba ndani ya tenga. Kitu kikipotea, paka walinusa, wakatembea kwa madaha, wakaketi pale kilipofichwa. Watu walipiga makofi, Stanslaus akapokea zawadi. Hakuna aliyejua kwamba pale mahali palikuwa pamepakwa mafuta ya mbasa, samaki wa ziwani. Huko kwenye vilima vya kahawa samaki ni kitoweo cha sikukuu, na paka wa Mbinga akinusa mbasa hageuki nyuma.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Kinanda ni kitu cha kutamanisha. Kikipatwa na neno, Mungu aepushe, nipigie simu."

Mzee Aloisi, mwenyekiti wa kwaya, alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kumbe ndiye wewe wa paka! Uliyeipata ile mashine ya kumenyea kahawa!"

"Waliipata wenyewe, mzee. Mimi nafungua tenga tu. Paka hasemi uongo."

Ijumaa mchana, wanakwaya wakiwa ufukweni kupokea dagaa, kinanda kilitoweka kanisani. Jumamosi, baada ya kupigiwa simu, Stanslaus alishuka kwenye bodaboda na tenga lake, amevaa huzuni ya kupendeza.

Huzuni ya wenye kinanda haikupendeza hata kidogo. Kina mama walikuwa wameanika na kuuza dagaa msimu mzima ili wakinunue, na kesho yake walikuwa wanampokea paroko mpya. Mama Scolastika, aliyejifunza kukipiga akiwa tayari bibi wa watu, alilia Ijumaa yote. Jumamosi hii, hata hivyo, alikuwa ametulia, anageuza dagaa wake kwenye chanja.

"Atakayekipata, beberu wangu ni wake!" alitangaza Mzee Aloisi.

Stanslaus alikuwa ameshamtazama beberu huyo. Alikuwa mbuzi mnene, mwenye ndevu za heshima.

"Sajini! Koplo! Kazini!"

Hapo ndipo ujuzi wa mlimani ulipofika mwisho. Stanslaus alikuwa amepaka mafuta yake kidogo tu, penye maficho. Lakini Mbaha yote inanuka samaki: nyavu, ndoo, hata mifuko ya suruali. Sajini alirukia chanja. Koplo alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, akaanza kumlamba viatu.

"Heee, mwenyekiti!" watu waliguna.

"Jamani! Si nilikuwa nabeba dagaa asubuhi?"

Stanslaus alianza kutokwa jasho. Akamtazama beberu, akajipa moyo. "Sajini amenipa ishara. Ya mkia." Akakata mbuga kuelekea kwenye mtumbwi mbovu uliolazwa kifudifudi karibu na matete.

"Baba mpelelezi," Mama Scolastika aliita, "paka wako huku wanamaliza dagaa wangu. Wewe huko unaongozwa na nani?"

"Na uzoefu, mama!"

Akauinua mtumbwi kwa mbwembwe. Chini yake palikuwa na mchanga na kaa mmoja.

"Haiwezekani!" alifoka. "Si nilikiweka hapa hapa!"

Watu wote wakamgeukia. Hata Koplo aliacha kutafuna.

"Mtumbwi huo ulitoboka zamani, hauendi ziwani wala haubebi samaki," Mama Scolastika alisema polepole. "Alfajiri nimepita, nikasikia unanuka mbasa. Nikaufunua. Kinanda kiko kwangu, uvunguni."

"Sasa mbona ulinyamaza?" Mzee Aloisi aliuliza.

"Ningesema, tungepata kinanda tu. Mimi nilimtaka na mwenyewe."

Hawakumpiga. Walimpa chanja zote za kina mama ageuze dagaa mpaka jioni, na Jumapili wakamketisha benchi la mbele asikilize kinanda. Mama Scolastika alikipiga kwa furaha hadi paroko mpya akachezesha mabega. Beberu alikuwa ameshafungwa nyumbani kwa mama huyo.

Wakati wa kuondoka Stanslaus aliita, "Sajini! Koplo!" Paka walifumbua jicho mojamoja kutoka chini ya chanja, wakalala tena. Alipanda basi dogo na tenga tupu, akaumia moyoni kweli, maana aliwapenda.

Aliposhuka Mbinga, koti lake likinuka dagaa wa siku nzima, paka wa kwanza alitokea jikoni kwa mama ntilie. Wa pili alitokea buchani. Alipofika katikati ya stendi alikuwa na kundi zima nyuma yake, na walipochoka kutembea wakamketia miguuni, wakamzunguka.

Yule mwenye mashine ya kumenyea kahawa iliyowahi kupotea aliwatazama paka, akamtazama Stanslaus, akakunja mikono ya shati.

"Jamani, njooni," alisema. "Paka hasemi uongo."