Kochi Lililopiga Vigelegele

Jumamosi, 2 Novemba

Kuna binti anazunguka kichochoroni kwetu. Kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi, tabasamu hadi masikioni. Hatari! Mtu wa serikali akinuna, unajua umekosa nini. Akitabasamu, umekwisha.

Anaitwa Bi Nihal. Anaingia karakana moja baada ya nyingine na kuuliza mna kompyuta ngapi, mna mtandao, wateja wanaagizaje. Eti wanapima tu jinsi biashara zinavyotumia teknolojia. Hakuna kodi, hakuna zawadi. Wanapima tu.

Mkahawani Usta Zaghlul, fundi mwenzangu wa ng'ambo ya kichochoro na adui yangu tangu shule, akaniinamia sikioni. "Metwalli, hata mshona sanda hupima kwanza."

Kweli kabisa! Hapa Dumyat kila mtu anatengeneza fanicha, na kila mtu akiulizwa na serikali hana kitu: hana mbao, hana mafundi, hana hata kivuli. Tena kuna kijicho. Ukitaja mali yako mbele ya mgeni, kesho imeingia mchwa.

Mpango: kuficha kila kitu. Kompyuta yangu (niliinunua mwaka juzi ili Zaghlul asinipite) nimeifunika shuka na kuweka sufuria juu. Imebaki simu ya mke wangu, Inshirah. Simu kubwa, inang'aa, na yeye kutwa anaipapasa, anaandika, anacheka. Umbea na shoga zake, nini kingine?

Alipotoka kununua jibini nikaitumbukiza kwenye mkono wa kushoto wa kochi la binti wa Hajj Basyuni, bi harusi wa wiki hii. Nikajaza sponji, nikashona. Mshono safi! Hata malaika hawaoni.

Jumapili, 3 Novemba

Bi Nihal kaja asubuhi. Nimejibu kwa unyenyekevu. Kompyuta? Hatuna. Mtandao? Ndiyo kitu gani hicho, mwanangu? Simu ya kazi? Astaghafirullah, sisi maskini. Sasa wateja wanawafikiaje? Kwa dua za marehemu mama.

Hapo kochi likalia.

Yarabi! Tena si mlio wa kawaida. Inshirah kaweka vigelegele vya harusi. Kochi linapiga vigelegele! Nikakohoa. Likaendelea. Nikaimba. Likanishinda. Bi Nihal akauliza ni nini hiyo. Nikasema panya. Akaandika. Sijui serikali imeandika nini kuhusu panya wangu.

Inshirah anahangaika na simu yake. Aliomba yangu aipigie, nikasema haina salio. Nimemsaidia kutafuta. Nimetafuta kwa bidii kuliko yeye, mpaka ndani ya birika. Mwisho nikamsingizia paka. Akanitazama. "Baba Hagar," akasema, "huyo paka nikimpata, namchuna."

Jioni kochi lilinyamaza. Chaji imekwisha, alhamdulillahi.

Jumatatu, 4 Novemba

Jina langu safi: sina kitu! Nimekwenda mkahawani kunywa chai yangu kwa raha. Raha gani! Namkuta Zaghlul anajigamba. Eti yeye kamwambia Bi Nihal ana kompyuta tatu, moja ya rangi za vitambaa peke yake. Mpwa wake kamhakikishia kwamba watakaoongoza watapewa nafasi za mbele kwenye maonyesho makubwa ya Kairo.

Nikamkumbusha habari ya mshona sanda. Akacheka mpaka chai ikampalia. "Nilikuwa nakutania, ndugu yangu! Wewe kila ukiambiwa unabeba?"

Mnafiki! Nilimkuta Bi Nihal karibu na msikiti, anakula bajia za taamiya. Nikamweleza kuwa jana nilikuwa na homa, kwamba mimi ni mtu wa teknolojia tangu tumboni mwa mama. Akasema tena, polepole, kama anamwambia kiziwi: hakuna maonyesho, hakuna zawadi, wanapima tu. Lakini Jumatano atarudi kuhakiki karakana chache, na yangu imo tayari. Kwa sababu ya panya.

Narudi nyumbani, kichochoro kizima ngoma! Malori ya Hajj Basyuni yamekuja kuchukua vyombo vya bi harusi, mapema kuliko tulivyokubaliana. Vitanda, makabati, na kochi juu kabisa, limefungwa utepe mwekundu. Wanawake wanashangilia. Inshirah naye. Simu yake inaondoka kwenda Ras el-Barr mbele ya macho yake, na yeye anaipungia mkono. Nami nikapunga. Ningefanya nini?

Jumanne, 5 Novemba

Kompyuta yangu haiwaki. Nimeifungua. Ndani kuna kiota cha panya. Kumbe sikudanganya!

Nimeazima skrini kwa fundi televisheni. Zote mbovu. Nimezibandika picha za viti kwa gundi ya mbao. Ukisimama mbali, na jua likiwa machoni mwako, ni ofisi kabisa.

Jambo la ajabu: wateja hakuna. Siku zote wiki haifiki katikati bila mtu wa Mansura kutaka kabati. Mafundi wanacheza domino. Nimemuuliza Inshirah kulikoni. Kanijibu: tafuta simu. Wanawake hawa! Namuuliza biashara, ananijibu umbea.

Jumatano, 6 Novemba

Bi Nihal kazitazama skrini mbele. Halafu, bila haya, kazitazama nyuma. Hakuna waya. Tena gundi ilikuwa mbichi, kiti kimoja kikamganda kiganjani. Kwa upole wa kuudhi akaniomba nimwonyeshe oda moja tu iliyokuja kwa mtandao. Moja.

Nikatazama dari.

Inshirah, aliyekuwa anatuletea chai, akasema: "Zote."

Nikamwambia asiingilie mambo ya kazi. Hakunisikia. Akamweleza Bi Nihal kila kitu: yeye ndiye anayepiga picha, anaweka mtandaoni, anajibu maswali. Maharusi wa Mansura, Tanta, Port Said wanachagua mbao na vitambaa kwenye ile simu. Hata Hajj Basyuni alikuja kwa njia hiyo. Nami nikidhani amesikia sifa zangu! Mteja pekee niliyemleta mimi ni binamu yangu, na kiti alikirudisha.

Bi Nihal kachangamka. Akasema kichochoro hiki hakina karakana inayoutumia mtandao hivyo. Hebu aone. Inshirah akaweka sinia chini. Akasema simu imepotea tangu Jumamosi, na kila bi harusi asiyejibiwa anahamia kwa mwingine, na tukiendelea hivi tutafunga mlango. Akajifuta macho kwa mkono wa gauni. Sijawahi kumwona Inshirah akilia mbele ya mgeni. Niliumia, wallahi. Mdomo nikaufungua nikiri.

Nikasema paka.

Bi Nihal yupo mjini hadi Jumamosi. Kesho naenda Ras el-Barr.

Alhamisi, 7 Novemba

Nyumbani kwa bi harusi. Watu wamejaa kutazama vyombo. Nimefika na mkasi, sindano na uso wa daktari: nakagua mikono ya kochi. Mama wa bi harusi amelikalia. Mama mwenye afya yake. Kala vitamu vya mshabak, kanywa chai, kaniuliza ukoo wangu mpaka kwa babu wa babu. Hanyanyuki! Kaja kunyanyuliwa na adhana ya alasiri.

Nikachana mkono wa kushoto. Sponji tupu. Mungu wangu! Kushoto kwa anayekaa au kwa anayelitazama? Nikachana wa pili. Simu! Na hapohapo mayowe. Mama mlangoni, Hajj Basyuni nyuma yake, sponji sebule nzima, bi harusi kashika kichwa. Hajj akanikwida ukosi. "Unachana kochi la mwanangu siku ya harusi yake? Una wazimu wewe?"

Ulimi ukanitangulia. Nikasema ni zawadi. Desturi ya karakana yetu: kila kochi la bi harusi lina simu ndani, kwa baraka.

Kisha vigelegele, safari hii vya watu. Hajj kanibusu mashavu yote mawili. Bi harusi kaichukua simu, kaibusu, kaitia kifuani. Nimeshona mikono ya kochi, nimerudi Dumyat na boksi la mshabak.

Jumamosi, 9 Novemba

Jana sikuandika. Jana nilisema ukweli. Sitaeleza. Nililala karakanani juu ya mbao.

Leo Mungu kanikumbuka. Zaghlul kaja jasho linamtiririka. Bi Nihal anakwenda kwake kuhakiki zile kompyuta tatu, naye hana hata moja! Nimemuuzia yangu, pamoja na kiota. Kwa pesa hizo nimemnunulia Inshirah simu mpya. Kaandika neno lake la siri, na vyote vikarudi: picha, oda, maharusi. Eti havikuwemo ndani ya simu, vipo huko. Akaonyesha juu. Nikatazama. Dari.

Tena yule bi harusi kaweka picha mtandaoni, na sasa kila mchumba anataka kochi lenye simu. Inshirah anasema nitatufilisi. Lakini alicheka! Kaniita Baba Hagar. Bi Nihal kaona yote, kaandika, kashukuru, kasema kwa mara ya mwisho kwamba wanapima tu. Kaenda zake.

Jioni mkahawani Zaghlul, bado ananuka panya, akaniinamia sikioni. Mpwa wake kasikia: walioandikwa juu ndio watakaoanza kufuatwa na watu wa kodi. Kesho asubuhi.

Simwamini. Simwamini hata chembe! Mtu yule ni mwongo tangu shule.

Lakini Inshirah kaenda kwa dada yake, na simu mpya ipo mezani inachajiwa. Na kitanda cha bi harusi wa Tanta, ubao wake wa kichwani una uwazi kwa ndani.

Mtu hujifunza kwa makosa. Safari hii nimetia alama ya chaki: kushoto.