Vita vya Fundi Uzi na Neno Nice

Sogeeni, enyi wenye masikio, na mwenye usingizi akanawe uso, niwahadithie siku ile Fundi Uzi, bingwa wa pindo, simba wa cherehani, mtiishaji wa suruali zilizolegea, alipokabiliwa na neno moja la Kiingereza naye asikimbie.

Neno lenyewe ni nice. Mchora vibao alikuwa juu ya ngazi mlangoni pa duka, amekwisha kuandika FUNDI, brashi yadondosha rangi nyekundu.

"Mzee, niandike nice nisiandike? Rangi inakauka huku!"

"Subiri! Jemadari haingii vitani bila kumjua adui!" akanguruma shujaa, akaifungua kamusi yake ya shule ya usiku, nene kama tofali. Lahaula! Humo akachomwa mkuki. Neno lile asili yake ni Kilatini, na maana yake ilikuwa asiyejua kitu. Waingereza wa kale wakalitumia kumwita mtu mpumbavu.

Jasho likamtoka. Mtaa mzima ulijua kwamba amejifunza kusoma akiwa na mvi. Je, autundike ujinga mlangoni kwa hiari yake, watu wapite wakicheka?

"Nani anayajua hayo, mzee?" mchoraji akauliza. "Siku hizi chai nice, viatu nice, mvua ikikatika nice."

"Ninayajua mimi! Na ni mimi nitakayeketi chini yake!"

Mkewe alikuwa pembeni akishona vifungo. "Hebu soma mbele, mzee wangu. Umeishia njiani, kama unavyoacha chai nusu kikombe."

Akasoma. Karne kwa karne, neno liliacha upumbavu likawa la mtu mchaguzi, kisha la mtu makini asiyekosea hata unywele, hata mwisho likawa la kitu kizuri, cha kupendeza.

"Unaona?" Mkewe akakata uzi kwa meno. "Siku uliyonioa ulitia dole gumba kwenye cheti. Leo unanisomea Kilatini. Na neno nalo limepita ngumbaru, kama wewe. Mbona unalinyima mlango?"

Shujaa akasimama, akavua kofia.

"Andika!"

Sauti ikatikisa sindano koponi. Mchoraji akaandika. Mpita njia akasimama, akasoma, akaingia na suruali ya kupunguzwa kiuno.

Na vizazi vikumbuke: siku hiyo neno lililotoka ujingani lilipata kazi, kwa mzee aliyetoka huko huko.