Kibao cha Mlinzi wa Kituo

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimekuwa mtu muhimu. Karibu niwe.

Asubuhi amefika mtaalamu wa miamba. Binti mwembamba, buti zenye matope ya kila rangi. Anatafuta nyumba ya kuweka kipima mitetemo. Chombo chenyewe ni kama sufuria ndogo yenye mfuniko: kinafukiwa sakafuni, waya wake unapanda mpaka juu ya bati. Kinasikia ardhi ikitikisika upande wa pili wa dunia! Kinasikia hata mbuzi akipita. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anasimulia habari za mwiko wa ugali.

Na sasa jambo lenyewe. Nyumba itakayochaguliwa itawekewa kibao getini. Cha chuma, cha bluu, jina la mwenye nyumba na chini yake: Mlinzi wa Kituo. Mlinzi wa Kituo! Mimi! Fundi redio ambaye baba mkwe, kwa miaka yote hii, humtambulisha kwa wageni kama "huyu naye ni mume wa yule mdogo". Baba mkwe anakuja Jumamosi. Nataka akute jina langu getini. Nataka alisome kwa sauti.

Kikwazo ni kimoja: Mwanyumba. Yeye kamuoa dada mkubwa, mimi nimemuoa mdogo, na kati yetu upo ukuta wa matofali. Suruali zake zina mstari hata siku za kufyeka majani. Baba mkwe humwita "mwanangu". Naye amekiomba hicho chombo! Nilimwuliza anakitakia nini. Akajibu kwa upole kwamba anapenda sayansi. Unafiki mtupu.

Mtaalamu amekata shauri. Vyombo viwili, kimoja stoo kwake, kimoja stoo kwangu. Jumamosi atarudi na kusoma. Penye utulivu zaidi ndipo kituo.

Utulivu. Nimeangalia nyumba yangu. Mke mwenye cherehani. Watoto watatu wenye miguu sita. Friji linalotetemeka kama mgonjwa wa homa. Nimeanza na mguu mbaya.

Jumanne, 4 Juni

Nimetangaza sheria wakati wa chai. Viatu marufuku. Kukimbia marufuku. Kuruka kamba marufuku. Milango ifungwe kwa mikono miwili. Kitinda mimba akauliza kama kupiga chafya kunaruhusiwa. Nikasema nitalifikiria.

Mama Watoto alisikiliza mpaka mwisho, akauma uzi kwa meno, akasema ana sare za kwaya nzima za kumaliza wiki hii, na cherehani haitanyamaza kwa ajili ya sufuria iliyofukiwa. Nikamweleza kwamba ni kwa heshima ya familia. Akasema heshima ya familia ndiyo hiyo anayoishona.

Basi nimeinua cherehani na kuilaza juu ya godoro la mtoto. Sasa inashona kwa kuyumba. Mshono wa kwanza umekwenda pembeni mpaka kwenye mfuko. Mke wangu hakusema kitu. Huo ndio ukimya wa pekee niliofanikiwa kuupata leo, na haukunifurahisha hata kidogo.

Friji nimelizima. Maziwa yameganda. Chakula cha usiku tumekula tukiwa wima, maana viti vinakwaruza.

Jumatano, 5 Juni

Nimechungulia ukutani mara kadhaa. Kwa Mwanyumba hakuna kinachotikisika! Wanawe wako shule za bweni. Shemeji yangu anashinda kazini. Yeye mwenyewe akila mchana analala, na hata kukoroma anakoroma kistaarabu.

Kwa utulivu wa haki simshindi. Nimekaa juu ya kreti la soda nikawaza. Ndipo wazo likaja, zuri mpaka nikasimama. Siwezi kuifanya nyumba yangu itulie, lakini naweza kuifanya yake isitulie!

Chombo chake kimefukiwa stoo, na stoo yake imeegemea ukuta wetu. Stoo yangu iko ng'ambo ya uwanja, mbali, nyuma ya jiko. Baada ya chakula, Mwanyumba alipolala, nikaenda kwenye kona ya ukuta, upande wangu, nikaruka. Miguu yote miwili, kwa nguvu zote. Nikapumzika. Nikaruka tena. Kisha nikarudi jikoni taratibu kama mtu aliyetoka kuangalia nyanya.

Nani atajua? Ardhi haina macho. Haijui jina la anayeikanyaga.

Goti la kushoto linauma.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekamatwa! Lakini sijakamatwa.

Nilikuwa hewani kabisa kichwa cha Mwanyumba kilipochomoza juu ya ukuta. Amekatiza usingizi, amesema, kwa sababu glasi ya maji kando ya kitanda chake ilikuwa inacheza. Akaniuliza nafanya nini. Ulimi ukanitangulia. Nikasema ni daktari. Daktari ameniamuru kuruka kila siku baada ya chakula, kwa ajili ya moyo.

Nilidhani atacheka. Uso wake ukabadilika, ukajaa huruma. Akasema naye moyo unamsumbua, hajamwambia mtu, hata mkewe. Akaniuliza kama naye anaweza kujaribu.

Nikamwambia ajaribu tu! Ajaribu hapohapo, karibu na stoo yake! Mwanyumba ni mtu wa kilo nyingi. Aliporuka, nyanya zangu zilitikisika. Tuliruka pamoja, yeye upande wake, mimi upande wangu, tukipokezana. Mtu anakiharibu kituo chake kwa miguu yake mwenyewe na bado ananishukuru! Nimeimba nikioga. Mama Watoto amebisha mlango wa bafu kuuliza kama ninaumwa.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa.

Mwanyumba ni mtu wa haki, na hilo ndilo tatizo lake. Amekuja mchana akiwa amevaa raba. Amesema jana tulirukia karibu na kwake, si haki kila siku tuwe upande mmoja tu. Leo turukie kwangu. Na kivuli kizuri kiko wapi? Nyuma ya jiko. Kando ya stoo yangu!

Nikasema leo nimechoka. Akanikumbusha kwamba daktari amesema kila siku. Nikasema pale pana siafu. Akaangalia chini, akasema hawaoni. Mama Watoto akatoka na chaki yake ya kuchorea nguo, akasimama mlangoni, akauliza daktari gani huyo. Ikabidi niruke ili nisijibu.

Kila Mwanyumba alipotua, nilihisi kibao changu cha bluu kikipasuka vipande. Nilijaribu kumpunguzia kishindo kwa kutandika magunia. Akasema magunia yanateleza, akayatoa. Ameruka mpaka jasho likamlowesha. Kisha akanikumbatia. Akasema miaka yote hii tumeishi kama watu wa ukuta, kumbe tulihitaji kuruka tu. Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Hesabu yangu ni hii: yeye kaharibu kwake na kwangu. Mimi nimeharibu kwake na, leo, kwangu. Tuko sare. Na palipo na sare, mcheshi hushinda. Kesho nitakuwa mcheshi.

Jumamosi, 8 Juni

Baba mkwe alifika mapema, na fimbo yake, na kofia yake. Akamkumbatia Mwanyumba. Akanipa mkono. Tukakaa uwanjani wote: Mama Watoto, dada yake, watoto. Mtaalamu akaja na kompyuta yake, akaifungua mezani. Nikasogeza kiti cha baba mkwe karibu ili aone ushindi wangu vizuri.

Kwanza akatuonyesha mstari uliochafuka kidogo, kama nywele zilizoamka. Akasema hilo ni tetemeko la Jumanne, lilitokea ng'ambo ya bahari, hakuna kati yetu aliyelihisi, lakini lilipita chini ya vitanda vyetu. Tukainama wote kuutazama. Hata baba mkwe alivua kofia. Kwa kweli lilikuwa jambo zuri, na kwa muda nikasahau kibao.

Kisha akasema kuna kitu kingine hajakielewa. Akaonyesha mistari minene, minene. Jumatano baada ya chakula. Alhamisi baada ya chakula. Ijumaa baada ya chakula. Akasema si gari, si mbuzi. Ni mtu anaruka. Jumatano yuko mmoja, yuko kwenye kona ya ukuta, na akimaliza anatembea. Akafuata mstari kwa kidole: hatua zinafifia kwenye chombo cha Mwanyumba, zinakua kwenye chombo changu, mpaka zinaishia mlango wa jiko. Akaongeza kwamba mtu huyo anachechemea mguu wa kushoto.

Wote wakaliangalia goti langu. Nilikuwa nimelifunga bandeji.

Mama Watoto ndiye aliyesema. Alieleza yote: viti, friji, godoro, daktari. Kumbe alijua tangu Jumatano, alinitazama dirishani akitia uzi kwenye sindano. Mwanyumba akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama basi daktari hakuwepo. Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli. Nilitaka ardhi ipasuke, lakini mbele ya mtaalamu hata hilo lingepimwa.

Mtaalamu, kumbe, anafurahi! Akasema wao hupiga nyundo chini upande huu wa kiwanja, kisha upande ule, na kwa jinsi kishindo kinavyosafiri wanajua kilichopo chini. Sisi tumemfanyia kazi hiyo bure, na kwa mpangilio barabara: kwanza pembeni mwa stoo ile, kesho yake pembeni mwa stoo hii. Angetumwa mtu asingefanya vizuri zaidi. Chini ya Mwanyumba kuna mwamba mgumu, karibu kabisa na juu. Chini yangu kuna udongo laini, pengine bwawa la zamani lililofukiwa. Kishindo kikifika kwangu kinachezacheza kama uji kwenye sahani. Kwa hiyo kituo ni kwa Mwanyumba. Hata ningeishi peke yangu na kushika pumzi mwaka mzima, kwangu hakufai. Na asingelijua hilo bila kuruka kwangu.

Baba mkwe akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani amepatwa na kitu. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashika meza, mpaka mistari ya kompyuta ikanenepa, na mtaalamu akamwonyesha: hicho ndicho kicheko chako, mzee. Akacheka zaidi. Akanipiga bega, akasema, "Huyu mkwe wangu wa nyundo!"

Mkwe wangu. Amesema "wangu". Nimeandika ili nisisahau.

Jumapili, 9 Juni

Mwanyumba amenisamehe. Amekwenda kwa daktari wa kweli, kaambiwa kuruka si kubaya, ila apunguze chumvi. Ametaka tuendelee, upande wangu, kwa kuwa wake sasa ni kituo. Friji nimeliwasha. Cherehani imeshuka godoroni. Mama Watoto ananishonea mfuko wa goti, kwa kitambaa cha kwaya.

Na kibao kimepigiliwa misumari. Cha bluu kweli. Nilikiangalia kwa muda mrefu. Jina la Mwanyumba linakaa vizuri, sikatai.

Lakini habari njema! Mtaalamu alirudi mchana na fulana ya rangi ya machungwa yenye mistari inayong'aa. Ananihitaji mwezi ujao kupiga nyundo kwenye mashamba. Nimeivaa, sijaivua. Aliponivalisha alieleza pia kwamba wanaleta nguzo mbili za zege zenye antena ya setilaiti, moja kwangu, moja kwa Mwanyumba, za kupima kama ardhi inasogea. Alieleza kwa kirefu. Sikushika yote, nilikuwa naangalia mistari ya fulana. Nakumbuka tu kitu kuhusu kucha: kwamba bara zima linasogea kwa mwendo wa kucha zinavyoota, na kwamba antena inaona.

La muhimu nililishika. Nguzo itakayotulia ndiyo itakayobaki. Na yenye kubaki ina kibao. Cha kijani!

Sitaruka tena, nimekoma. Kuruka ni ujinga. Safari hii ni kimya kimya: kila jioni, Mwanyumba akiwa bafuni, nitaenda kuisukuma nguzo yake kidogo tu. Upana wa ukucha. Nani atagundua upana wa ukucha?